Linaliaje? Wiki sita za kuutafuta mvumo mmoja

Mvumo ulianza mwezi Juni, siku ya tatu baada ya gari kutoka gereji. Nilikuwa natoka Arusha kwenda Karatu, nimeshakata kona ya Makuyuni, lami imenyooka, sindano ya spidi imefika 75, na chini ya miguu yangu pakaingia kitu kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Nilipofika 80 ulikuwa mzinga mzima. Wenzo wa gia ukaanza kutetemeka, kioo cha pembeni kikawa kinaonyesha gari la nyuma mara mbili. Nikaachia mafuta. Sindano ikashuka hadi 65, kimya. Nikakanyaga tena, 75, wale nyuki wakarudi.

Abiria walikuwa watatu, watafiti wa mimea. Hakuna aliyeuliza kitu. Mimi nilikuwa nimeshaacha kuwasikiliza.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser HZJ78, lile lenye bodi ndefu ambalo huku kwetu tumelizoea likiwa na nembo za miradi ya afya na maji. Injini yake ni 1HZ, dizeli ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo. Ukoo huu wa 70 ulianza kutoka kiwandani mwaka 1984, na injini ya 1HZ ikaingia 1990. Langu ni la pampu ya kawaida, lisilo na kompyuta. Fundi kijana mwenye kile kifaa cha kuchomeka chini ya dashibodi na kusoma makosa kwenye skrini hana pa kuchomeka. Gari la namna hii likiumwa lina njia tatu za kukwambia: linatoa harufu, linatikisika, au linalia. Basi. Ukishindwa kusikia, unabaki kununua spea kwa kubahatisha.

Na mimi nilinunua. Kwanza nilihisi matairi, nikayahamisha, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mvumo haukuhama. Nikafungua habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, nikasafisha beringi, nikazijaza grisi mpya. Haukuhama. Kwa kuwa mtikisiko niliusikia zaidi kwenye wenzo wa gia, nikabadilisha raba zinazoshikilia gia boksi. Siku mbili nikajidanganya kwamba umepungua. Nikamwaga oili ya difu ya nyuma, lile boksi la meno lililo katikati ya ekseli, nikaichunguza kwenye beseni juani, nikapitisha sumaku ndani yake: unga mwembamba wa kawaida, hakuna kipande cha jino. Nikaweka oili mpya. Ulikuwa palepale, 75 hadi 90, kila niliporudi kwenye lami.

Kilichonichelewesha zaidi ni kwamba ndani ya hifadhi ulipotea kabisa. Serengeti mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na kuanzia Lodoare, geti la kuingilia Ngorongoro, kwenda Naabi, geti la Serengeti, barabara ni ya changarawe yenye vijituta vya mfululizo ambavyo vinaligongesha gari zima kama sanduku la vyombo. Katika kelele hiyo, mvumo wangu usingesikika hata kama ungekuwepo. Kwa hiyo nilikuwa nakaa siku nne au tano porini nikiamini gari limepona, halafu narudi lami ya Karatu, nashuka kona za Mto wa Mbu, nafika tambarare, 75, na moyo unazama.

Kuna mzee mmoja pale Unga Limited, Arusha, ambaye gereji yake ni kivuli cha mwarobaini, benchi la mbao na shimo alilolichimba mwenyewe akalijengea kuta za matofali. Nilimfahamu tangu nikiwa utingo. Nilikuwa simpelekei gari kwa sababu hana haraka, na msimu una haraka. Wiki ya sita nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Linaliaje?"

"Linalia tu mzee, huko chini."

Akaendelea kunywa chai. Baada ya muda akasema, "Gari haliwezi kulia tu. Mtoto akilia usiku, mama yake anajua kama ni njaa, tumbo, au mbu. Wewe umekaa nalo wiki sita."

Nikajaribu tena. Nikasema linavuma. Hapo akaweka kikombe chini.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria sana juu ya vitenzi. Lugha yetu imetajirika kwa maneno ya sauti, na mafundi wa zamani wanayatumia kama daktari anavyotumia majina ya homa. Kugonga si kuvuma. Kinachogonga kina nafasi ambayo hakikupaswa kuwa nayo: bushi iliyokwisha, bolti iliyolegea, shokapu iliyoachia juu. Kinachovuma kinazunguka, tena kinazunguka upesi kiasi kwamba sikio haliwezi kuhesabu pigo mojamoja. Kinachosaga ni chuma kinachokula chuma, mara nyingi beringi iliyokauka. Kinacholia kwichi-kwichi ni raba au springi, na mara nyingi ni kero tu. Kinachokwaruza kimegusana na kitu kisichopaswa kugusana nacho. Kinachopiga mluzi ni hewa inayopenya au mkanda unaoteleza. Mtu akiniambia siku hizi "gari lina kelele", namwomba anichagulie kitenzi kwanza. Akishindwa, namwomba ailie mwenyewe kwa mdomo. Watu wazima huona haya, lakini wakikubali hawakosei: mtu ambaye hajui beringi ni nini atakutolea sauti ya beringi sawasawa.

Swali la pili la mzee lilikuwa lini. Hakuuliza wapi. Nilimwambia inatokea mbele, karibu na gia boksi, akanikatiza kwa mkono. "Wapi ni swali la mwisho. Chesisi ni ngoma. Ukiipiga nyuma, inalia mbele." Na ni kweli. Chuma kile kirefu, pamoja na bodi iliyokaa juu yake, husafirisha sauti hadi mahali ilipopata upenyo wa kutokea, na upenyo huo mara nyingi ni wenzo wa gia, kanyagio la klachi, au nguzo ya usukani, yaani mahali mwili wa dereva unapogusa. Ndiyo maana kila dereva huapa kwamba tatizo liko mbele.

Akaanza kuuliza. Ukiwa umesimama, ukipandisha injini hadi mizunguko 2,000, linavuma? Hapana. Ukikanyaga klachi ukiwa kwenye 80, linanyamaza? Hapana. Ukiweka nyutro ukaliacha litembee lenyewe? Linavuma, ila limepungua kidogo. Ukipinda kushoto kulia, linabadilika? Sikuwa nimejaribu. Ukiwa gia ya nne badala ya tano, kwenye spidi ileile? Sikuwa nimejaribu pia.

Katika maswali hayo matano kulikuwa na kazi yote ambayo mimi nilikuwa nimeifanya kwa spana kwa wiki sita, na zaidi. Gari lililosimama likilia injini ikipandishwa, ugonjwa uko kwenye injini au vinavyofungwa juu yake: alteneta, pampu ya maji, feni, ekzosi iliyopasuka. Mlio unaotoweka ukikanyaga klachi unakupeleka kwenye beringi ya shafti inayoingia gia boksi. Unaotokea pale unapokanyaga unakupeleka kwenye beringi ya klachi yenyewe. Mlio unaofuata spidi ya gari bila kujali gia wala injini umeshatoka kwenye eneo la injini na gia boksi. Sasa uko kwenye propela (bomba linalopeleka mzunguko hadi kwenye difu), difu, habu au tairi. Na ukiwa unavuma zaidi unapopinda kushoto, mara nyingi ni beringi ya kulia, kwa kuwa uzito wa gari humwagikia upande wa nje wa kona.

Tukaenda kujaribu pamoja, njia ya Kisongo, asubuhi na mapema magari yakiwa machache. Mzee alikaa kiti cha nyuma, katikati, amefumba macho, kiganja cha mkono mmoja kimelala sakafuni. Gia ya tano, 80: mvumo. Gia ya nne, 80, injini inapiga kelele zaidi: mvumo uleule, sauti ileile, haikupanda wala haikushuka. Nikapinda kidogo kushoto, kidogo kulia, barabara ikiwa tupu: haukubadilika. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu: ukazidi. Nikaachia: ukalegea, lakini ulibaki.

"Hesabu tairi," akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza tukiwa tumeegesha pembeni, akichora vumbini kwa kijiti, na nimeirudia hesabu ile nyumbani mara nyingi kwa sababu naipenda. Tairi langu ni 7.50R16, likizunguka mara moja, gari limesogea karibu mita 2.5. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo kila tairi linazunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Difu yangu ina meno 41 kwenye krauni, ile gia kubwa, na meno 10 kwenye pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, yaani propela inazunguka mara 4.1 kila tairi linapozunguka mara moja. Tisa mara nne na kitu: propela inazunguka karibu mara 36 kwa sekunde.

Sasa sikiliza tofauti. Tairi lililovimba au rimu iliyopinda itakupa mapigo 9 kwa sekunde, du-du-du-du, mwili unaweza kuyatofautisha, usukani unacheza mkononi. Kitu cha propela kitakupa mapigo 36, au mara mbili yake, 72, na 72 kwa sekunde si mapigo tena, ni sauti. Ni nyuki. Wiki sita nilikuwa nikihamisha matairi ilhali sikio langu lilikuwa limeshasikia kitu kinachozunguka mara nne au mara nane zaidi ya tairi. Taarifa ilikuwepo tangu siku ya kwanza pale Makuyuni.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo, kwa sababu sitaki mtu adhani kila mlio unahitaji hesabu. Mlio uliowahi kunitisha kuliko yote maishani ulitokea njia ya Engaruka, ile inayokwenda Ziwa Natron, gari limejaa, jua la saa nane. Ghafla tairi la mbele kushoto likapiga yowe la chuma, kali, la kuendelea, kama msumeno unaokata bati. Mmoja wa abiria aliziba masikio. Nilisimama nikiwa na hakika habu imekufa. Kumbe kijiwe kidogo kilikuwa kimeingia kati ya diski ya breki na lile bati jembamba linaloikinga. Nilirudi kinyumenyume mita tatu au nne, kikadondoka, kikanyamaza. Tangu hapo, yowe la ghafla kwenye changarawe, kabla ya kufungua chochote, narudi nyuma taratibu kwanza.

Na kuna milio isiyosubiri uchunguzi. Njia hiyohiyo, mwaka mwingine, tulibadilisha tairi usiku, tukafunga, tukaondoka. Asubuhi, mwendo wa 20 hivi, nikasikia kwak, kimya, kwak, kimya, kwa mwendo wa tairi lenyewe, na kila nilipopunguza mwendo sauti ilikuwa wazi zaidi. Sikumaliza mita mia. Nati nne zilikuwa zimelegea na stadi mbili, zile bolti za habu zinazoshika nati, zimekatika. Tairi likifungwa porini, nati zinapaswa kukazwa tena baada ya kilomita chache, kwa sababu vumbi na kutu vilivyobanwa kati ya rimu na habu husagika na kuacha nafasi. Mlio wa kugonga unaofuata mzunguko wa tairi, unaosikika vizuri zaidi polepole, ni wa kusimama hapohapo. Vivyo hivyo kugonga kunakotoka chini ya injini kukiambatana na sindano ya presha ya oili kushuka: zima, usijifariji kwamba utafika mjini. Na habu inayosaga, simama, gusa katikati ya rimu kwa mgongo wa kiganja, kisha kagusie ya upande wa pili. Zikitofautiana joto sana, iliyo moto ndiyo mgonjwa.

Kwenye matope ya Ndutu kuna mlio mwingine unaochanganya sana wageni wa magari haya: tak-tak-tak kutoka mbele, unapokata usukani mpaka mwisho, na ni pale tu habu za mbele zimefungwa kwa swichi yake ili zishike ekseli, na nguvu ya magurudumu manne imewashwa. Ukiziachia habu, hakuna. Hizo ni jointi zilizo ndani ya ngumi za ekseli ya mbele, pale gurudumu linapopindia. Mipira yake imeshakula njia zake. Lori la watu wa ujenzi lilishanivuta siku moja kwa sababu niliupuuza mlio huo msimu mzima, nikiwaza kwamba kwa kuwa unakuja mara moja moja, ni mdogo. Udogo wa mlio na udogo wa ugonjwa ni mambo mawili.

Nirudi kwa mzee.

Tulikuwa tumebakiwa na propela au difu. Mimi nilitaka difu ifunguliwe. Yeye akafanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona, na ambacho ukikielewa utaona uzuri wa gari lenye magurudumu manne ya kuwasha na kuzima. Alifungua bolti nne nyuma na nne mbele, akaitoa propela ya nyuma nzima, akaiweka chini ya mwarobaini. Akafunga habu za mbele kwa mkono, akasukuma wenzo mdogo kwenye magurudumu manne. "Twende."

Kwa kawaida huruhusiwi kutembea kwenye lami kavu na magurudumu manne yamewashwa, kwa sababu mbele na nyuma huwa havizunguki sawa kwenye kona na vyuma vinabanana. Lakini propela ya nyuma ikiwa haipo, hakuna cha kubanana: gari linavutwa na magurudumu ya mbele tu. Matairi ya nyuma yanazunguka, beringi za habu zinazunguka, hata difu ya nyuma inazunguka, ingawa haibebi mzigo. Kitu pekee kilichoondoka ni propela.

Kisongo tena. 60. 70. 75. Nikapumua. 80.

Kimya. Upepo kwenye keria, injini, matairi juu ya lami, na hapakuwa na nyuki hata mmoja. Nilimtazama mzee kwenye kioo. Alikuwa amefungua macho, anaangalia ng'ombe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mara ya mwisho propela hii ilifunguliwa wapi?"

Ndipo nikakumbuka sevisi ya Juni. Kwenye karatasi ya kazi walikuwa wameandika wamebadilisha jointi mbili za propela ya nyuma. Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba, kwa sababu ya ule mgongo mmoja wa kuondoka: ukiachia klachi, kong, kisha gari linakwenda. Nilikuwa nimefurahi kwamba kong imeisha, nikasahau kabisa kuhusisha kuisha kwake na kuanza kwa mvumo. Vitu viwili vilivyotokea wiki moja, kwenye chuma kimoja, na mimi niliviweka kwenye makabati mawili tofauti kichwani.

Tulipoilaza propela kwenye benchi, kosa lilionekana kwa macho. Propela ya nyuma ya gari hili ni bomba lenye jointi kila mwisho, na upande mmoja kuna sehemu yenye meno inayoingia na kutoka, ili urefu ubadilike springi zinapopanda na kushuka. Kila jointi ina kipande cha msalaba, kimeshikwa na masikio mawili ya chuma. Jointi ya namna hii ikikunjwa kwa pembe ina tabia moja ambayo haiwezi kuiacha: kinachotoka upande wa pili hakizunguki kwa mwendo mmoja. Kinaharakisha kidogo, kinachelewa kidogo, mara mbili kila mzunguko. Ndiyo maana zinawekwa mbili. Masikio ya bomba mbele na masikio ya bomba nyuma yakilala kwenye mstari mmoja, na pembe za pande zote mbili zikiwa sawa, kuharakisha kwa jointi ya kwanza kunafutwa na kuchelewa kwa ya pili, na difu inapokea mwendo laini.

Yangu yalikuwa hayatazamani. Aliyeikusanya aliivuta ile sehemu ya meno ikatoka, akabadilisha jointi vizuri kabisa, pini zimeingia, klipu zimekaa, grisi ipo, kisha akairudisha kwenye meno bila kuangalia. Masikio ya mbele yalikuwa yamelala, ya nyuma karibu yamesimama. Robo duara. Badala ya jointi mbili kufutana makosa, zilikuwa zinayajumlisha, mara mbili kila mzunguko, mara 72 kwa sekunde kwenye 80. Kwenye 50 za Serengeti ni mara 46, na kwa kuwa nguvu ya mtikisiko wa namna hii hupungua haraka kuliko mwendo unavyopungua, ulikuwa umejificha chini ya kelele ya changarawe.

Mzee hakumsema vibaya fundi wa kwanza hata kwa neno moja. Alichukua kipande cha msumari na nyundo, akanionyesha chuma chenyewe: hapakuwa na alama yoyote, wala ya zamani wala mpya. "Hakupiga alama kabla ya kuvuta. Hilo tu." Akatenganisha sehemu ya meno, akaisafisha kwa dizeli, akaipaka grisi, akairudisha masikio yakitazamana. Kisha akapiga nukta moja huku na nukta moja kule, zikielekeana, akazipitishia rangi nyeupe.

Jointi zile mpya, za wiki sita, zilikuwa zimeshaanza kuchoka. Kwenye kofia moja kulikuwa na unga mwekundu uliokauka. Nilitaka kuupuuza, kwa sababu gari langu lote lina unga mwekundu. Akaushika kidoleni, akausugua. Vumbi la barabarani husambaa likawa laini kama unga wa sembe. Ule ulikuwa na chembechembe na uliacha rangi ya kahawia kwenye ngozi. Ni kutu ya sindano za beringi iliyokauka grisi, zinazojisaga zenyewe. Tukabadilisha ile moja. Nyingine akaihukumu kwa kuizungusha taratibu karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza saa, akasema itafika.

Kazi nzima ilichukua chini ya saa tatu, pamoja na chai.

Sikulala vizuri usiku ule, na si kwa furaha. Nilikuwa nahesabu: raba za gia boksi ambazo zilikuwa nzima, oili ya difu iliyokuwa safi, siku mbili za kazi kwenye habu. Zaidi ya pesa, nilikuwa nafikiria mtikisiko ule ulikuwa unaigonga nini kwa wiki sita: sili ya pinioni, beringi ya nyuma ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), vyote vikipigwa mara 72 kwa sekunde, nikiwa na watu ndani. Ninaowabeba wananiamini kwa sababu hawana namna nyingine. Wakiwa katikati ya tambarare, hakuna gereji, mara nyingi hata mtandao hakuna. Kusikiliza gari ni sehemu ya kuwalinda, sawa na kuangalia simba kabla ya mtu kushuka kujisaidia. Kwa hilo siwezi kulegea.

Baada ya wiki nilirudi kwenye gereji ya kwanza. Sikwenda kudai. Nilimwomba kijana aliyefanya ile kazi tuingie chini ya gari, nikamwonyesha nukta mbili nyeupe. Aliangalia muda mrefu. Akaniuliza, kwa adabu, kwa nini propela iliyofungwa hivyo haitikisiki hata kidogo, wakati kila jointi peke yake inatikisika. Hakuna aliyewahi kumweleza. Tukachora vumbini, kwa kijiti, kama nilivyochorewa. Sasa hivi ndiye ananipigia simu akipata mlio asioujua, na swali la kwanza ninalomuuliza analijua, anajibu kabla sijamaliza: "Kaka, unavuma, unafuata spidi, haufuati gia, na ukiweka nyutro upo."

Nimeanza pia kuweka daftari dogo kwenye kiboksi cha mlangoni. Kila mlio mpya unaandikwa hapo siku unapotokea: kitenzi chake, spidi, gia, mzigo uliokuwemo, barabara, baridi au joto, na kazi ya mwisho iliyofanywa kwenye gari. Kurasa nyingi hazijawahi kuhitajika. Mlio ulikuwa jeki iliyolegea kwenye kibanio chake, au bolti ya kiti, au chupa ya maji iliyobingirika chini ya kiti cha nyuma. Nazo naziandika, kwa sababu mlio wa chupa unaweza kuuficha mlio wa habu.

Ukurasa wa mwisho una mlio wa wiki hii. Kwichi-kwichi, nyuma kulia, asubuhi tu kukiwa na baridi, kwenye matuta, gari likiwa tupu. Ukifika Kisongo umeshatoweka. Nadhani ni bushi ya springi, ya mbele au ya nyuma, kwenye pingu inayoning'iniza springi. Kesho nitaondoka na chupa ya maji. Nitainyunyizia bushi ya mbele peke yake, nipite tuta la kwanza nje ya geti langu, nisikilize, kisha nirudi niinyunyizie ya nyuma.